Gitaa Kuukuu la Bwana Tumbaku

Mwanjelwa, Mbeya
4 Novemba 1957

Dada yangu Waridi binti Ahmadi,

Ipokee barua hii umekaa, maana salamu nilizotia humu ni nyingi, ukizipokea umesimama zitakuangusha. Sisi huku wazima kabisa. Wifi yako Sekela anakusalimu kwa Kinyakyusa, salamu ndefu, nikasema hiyo itakula wino wote, basi jua tu kwamba amekusalimu. Chiku ameota meno mawili na tayari amemng'ata mteja. Mkahawa unakwenda mbele. Chai yangu sasa ina jina mpaka Chunya. Wachimba dhahabu wakishuka Mbeya huuliza kwanza kwa Bushiri ni wapi, ndipo waulize hospitali.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Wewe wajua mimi ndiye gitaa la Loleza Jazz. Sisemi mpiga gitaa, nasema gitaa lenyewe. Nimepiga mbele ya makapteni Burma, nimepiga Bombay kwenye meli, mabaharia wakalia wakitaja majina ya mama zao. Leo kuna kijana anaitwa Jailos, mtu wa Rungwe, anapuliza trampeti, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kufunga tai. Huyo sasa ndiye mkubwa wa bendi. Amenijia na maneno, tena mbele ya watu: "Mzee Bushiri, dansi ya Idi tutapiga Jumba la Welfea, na pale kuna umeme. Uje na gitaa la umeme, au ukae na watazamaji." Ati gitaa langu la mti halisikiki. Ati naingia kwenye wimbo wakati wenzangu wanatoka. Dada, kosa ni la Asukile, mpiga ngoma wetu, anapiga kama mtu anayeua nyoka. Nani atasikika hapo?

Lakini Mungu si Jailos. Dereva mmoja wa lori kanipa habari kwamba huko kwenu, ukipita Kalenga, kuna mzungu wa tumbaku anafunga shamba arudi kwao, na anauza vitu vyake mpaka vijiko. Kati ya hivyo kuna gitaa la umeme na sanduku lake la sauti. Jipya, kwa kuagiza Nairobi, ni bei ya kuezeka nyumba bati. Hili kuukuu ni robo yake.

Nimelipima jambo hili kama mtu mzima. Faida: kwanza bei. Pili, kitu kilichotumika kimekwisha izoea kazi, kama kiatu, kipya kinauma. Tatu, kama lilitaka kufa lingemfia mzungu, lisingengoja kunifia mimi. Hasara sikuziona. Lakini wewe huwa unazipenda hasara, basi nakuachia uzitafute.

Nakuomba uende ukalitazame kwa ajili yangu. Mimi mkahawa siwezi kuuacha, wateja watalia. Hujui gitaa, najua, lakini una macho, na macho yako hata baba aliyaogopa. Hesabu nyuzi, ziwe sita. Sanduku likiwashwa lingurume kidogo kama nyuki. Halafu mtu apige, na wewe uende mbali. Sauti ikikufikia barabarani, chukua.

Usiogope umeme. Umeme mimi naujua, Burma nililala kwenye hema lenye balbu.

Ni mimi mdogo wako asiyepungua,
Bushiri


Mlandege, Iringa
20 Novemba 1957

Mdogo wangu Bushiri,

Nimeipokea barua yako nimesimama na sikuanguka. Alhamdulillahi tu wazima. Mwanangu Bibie ametimiza miezi saba ya mimba na anakula udongo wa kichuguu, nimemwachia. Kaburi la mama tumelijengea ukingo wa mawe. Mvua za kwanza zimeanza, na kila mtu Iringa amekumbuka kwamba ana nguo ya kushonwa, kwa hiyo nakuandikia mguu mmoja uko kwenye cherehani.

Umesema hasara hukuziona. Mimi nimeziona kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Unakikumbuka kile kinanda cha mkono ulichonunua kwa kinyozi, mwaka uliorudi vitani? Ulikivuta mbele ya wageni wa harusi, akatoka panya na watoto wake wanne. Ulisema ni panya wa bahati. Na ile saa ya mfukoni iliyokuwa inakwenda ukiwa unatembea, ukikaa nayo inakaa?

Sikatai vitu kuukuu. Hii cherehani yangu niliikuta mkononi mwa mtu wa tatu, na imenilisha miaka kumi na mmoja. Lakini cherehani ikiugua naifungua, naona mahali penye maumivu. Sanduku la umeme ugonjwa wake hauonekani. Likifa huko kwako, nani atalifufua? Mzungu atakuwa ng'ambo. Huwezi kumfuata baharini umwambie rudisha fedha. Na tena, kabla ya kununua kitu cha mtu, mwulize kwa nini anakiuza. Akichelewa kujibu, rudi nyumbani.

Nitakwenda. Lakini nakuuliza mambo mawili, unijibu.

La kwanza, kwa nini usije mwenyewe? Kwa basi la shirika la reli ni safari ya siku moja. Chai Sekela anaijua kuliko wewe. Kama huwezi kuja, basi nenda posta siku tutakayopatana, na mimi nitakwenda posta ya huku, tuseme kwa simu. Kitu kama hiki kinataka kuulizana na kujibizana, si barua za wiki mbili mbili.

La pili. Kwenye arobaini ya mama nilikuita uani mara tatu, uko kama hatua sita, umenipa mgongo. Hukugeuka. Nilidhani una hasira na mimi kwa ajili ya ile mikeka aliyoiacha mama. Kama ni mikeka, sema.

Dada yako,
Waridi


Mwanjelwa, Mbeya
2 Desemba 1957

Dada Waridi, jicho la Iringa nzima,

Kamwene! Unaona, Kihehe bado ninacho, sikukiacha kwenye basi. Mpe Bibie hongera, na huo udongo mwache ale, Sekela alikula mpaka ukuta wa jiko ukapungua na mtoto ametoka na meno kama simba. Ukingo wa kaburi la mama umenifurahisha sana. Huku mvua inapiga mabati usiku kucha, mlima Loleza umevaa kilemba cha wingu wala haukivui.

Mikeka sina habari nayo. Chukua yote.

Kuhusu panya, alikuwa wa bahati. Bwana harusi yule ana watoto saba sasa.

Kuhusu simu, dada, simu ni mtu aliyetiwa kwenye bomba. Unasikia "alo, alo", fedha zinakwisha, karani anakutazama. Mimi ni mtu wa kutazamana uso kwa uso. Mtu asiyeonekana mdomo wake nitajuaje kama anasema kweli? Barua ndiyo mwanamume. Barua haikurupuki, unaisoma mara tatu na haikasiriki.

Nimezipima hasara zako na nakubali nusu. Kweli ndani ya sanduku kuna zile taa ndogo za kioo, valvu, na zinazeeka. Kweli fundi wake haba. Lakini tazama na upande wa pili: nisiponunua, nimekwisha. Sisemi bendi imekwisha, nasema mimi. Jailos amekwisha mwambia kijana mwingine ajifunze nyimbo zangu. Nimepiga gitaa tangu nina miaka kumi na nne, wewe ndiye uliyenificha nyuma ya pipa baba asinione. Nikikaa na watazamaji nitakuwa mtu anayeuza chai tu. Chai yangu ni nzuri, lakini mtu hawezi kuwa chai.

Kwa hiyo nimeuza baisikeli. Usiniambie neno. Fedha anazo Marcelino, dereva wa basi la reli, nimezishona kwenye begi la unga, fungua ushono wa chini.

Neno la mwisho: mafundi wa mtaani wasiliguse. Nyinyi huko mkimpa fundi saa anawarudishia baraghumu. Litakuja kama lilivyo. Umeme mimi naujua.

Mdogo wako mwenye haraka,
Bushiri


Mlandege, Iringa
12 Januari 1958

Bushiri mdogo wangu,

Hapa kwetu kheri. Bibie amejifungua salama siku ya Ijumaa, mtoto wa kiume, tumemwita Ahmadi. Ana masikio ya marehemu baba, makubwa, yamesimama kama ya paa. Fedha niliziona, na ushono wako ni wa aibu, hata ng'ombe angeshona vizuri zaidi.

Nilikwenda shambani Jumanne. Nilifuatana na Ambrosi, fundi redio wa hapa mtaani. Najua ulikataza. Wewe uko Mbeya.

Sikumwuliza Bwana Tumbaku chochote kwanza. Ndivyo wafanyakazi wake wanavyomwita. Nilikwenda jikoni kwa mpishi wake, mtu anaitwa Kalinga, nikakaa naye tukamenya viazi. Ukitaka kujua kitu cha mtu, mwulize mpishi wake. Kalinga akasema gitaa lilikuwa la mtoto wa bwana, na mtoto kapelekwa kusoma Rodezia akaliacha. "Mama," ananiambia, "yule kijana alikuwa anapiga mpaka ng'ombe wanakataa kukamuliwa. Maziwa yalirudi nyumbani kwao." Nikamwuliza, halijaanguka? Akamenya kiazi kizima kabla hajajibu. Lilianguka mara moja kutoka kwenye pikapu, likapasuka pembeni, likagundishwa. Basi nikamwendea bwana nikamwambia lilianguka. Akacheka, akapunguza bei. Chenji yako nimenunulia mtoto shuka.

Ambrosi alifungua sanduku. Ndani tulikuta nyumba ya nyigu, ya udongo, nzuri kuliko ya jirani yangu. Akaitoa kwa bisibisi. Valvu moja ilikuwa nyeusi, akabadilisha kwa aliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Halafu akaliunganisha na umeme wa pale shambani, wana mashine yao wenyewe inayotoa umeme nyuma ya ghala. Likanguruma kama nyuki, kama ulivyosema. Ambrosi akapiga wimbo mmoja, ndio anaoujua.

Ulisema niende barabarani. Sikwenda. Nilifanya kama baba alivyokuwa akifanya na ngoma zake kabla hajaziuza. Unakumbuka: anatia pamba masikioni, yote mawili, anaishindilia mpaka ndani, kisha anaweka kiganja kwenye ubavu wa ngoma na kumwambia mtu apige. Ngoma isiyomfikia namna hiyo alikuwa hauzi, anaipasua kuni. Mimi nilichukua pamba kwenye mto wa Kalinga. Nikaziba mpaka simsikii kuku wala Ambrosi. Nikaweka kiganja juu ya sanduku. Bushiri, nilisikia. Kila uzi nilisikia, ulipanda mkononi ukaingia kifuani. Hata asiye na masikio angejua wimbo unaanzia wapi na unaishia wapi.

Nikasema, hili ndilo. Nikalipa.

Geuza ukurasa, kuna jambo kubwa nyuma.

Sikiliza sana hapa. Ambrosi anasema umeme wa shambani kwa Bwana Tumbaku ni nusu ya umeme wa mjini. Sanduku hili ni la Kimarekani, linakunywa ule mdogo. Ukilichomeka kwenye ukuta wa Welfea hivi hivi, litakunywa mara mbili ya tumbo lake na litaungua palepale. Kwa hiyo amelitengenezea kisanduku kidogo cha chuma, kizito, cheusi, kina waya huku na huku. Kinaitwa transfoma. Ukutani uchomeke kisanduku, na kwenye kisanduku ndipo uchomeke sanduku la sauti. Usiruke. Nimekifunga peke yake kwenye gunia, chini ya gitaa.

Dada yako,
Waridi


Mwanjelwa, Mbeya
10 Machi 1958

Dada Waridi,

Salamu. Hatujambo. Hongera ya mjukuu. Mzigo ulikaa njiani wiki tatu, barabara imekuwa uji, Marcelino alilala Chimala siku nne na abiria wake wakala kuku wa watu.

Gitaa limefika. Nakushukuru. Sauti yake ilikuwa nzuri sana, hasa mwanzoni.

Nimefikiri, nikaona haya mambo ya umeme ni ya vijana. Mtu wa umri wangu, aliyeona dunia, hana haja ya kupiga kelele. Idi nitawapelekea bendi chai, birika mbili kubwa, na maandazi ya Sekela. Nao wamekubali. Jailos alinishika bega, akasema maneno, sikuyafuata yote.

Lile jiwe la chuma ulilotia kwenye gunia ili mzigo usiyumbe limefaa, Sekela anazuilia mlango wa jiko.

Sina mengi.

Bushiri


Mlandege, Iringa
24 Machi 1958

Bushiri,

Leo salamu zitangoja.

Lile si jiwe! Ile ndiyo transfoma, mwanamume wewe, niliyokuandikia nyuma ya ukurasa, kwa herufi kubwa, nikakuambia usiruke. Umezuilia mlango wa jiko kwa kitu alichokesha nacho Ambrosi siku tatu!

Nilipomaliza kucheka kwa hasira nikakaa nikafikiri. Wewe barua huisoma mara tatu, umeniambia mwenyewe. Hii hukuimaliza hata mara moja. Na najua ulipoishia.

Sikuandika habari ya pamba ili kukuumiza. Wala sitaki unijibu kuhusu hilo, sasa wala siku yoyote. Lakini nitakuambia kitu ambacho hukukiona, maana ulikuwa vitani. Miaka minne ya mwisho baba hakutia tena pamba alipojaribu ngoma. Watu walidhani amezeeka, ameacha utaratibu. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia ngoma, nikamwuliza, baba, pamba vipi? Akanitazama mdomo, akacheka, akasema, "Mwanangu, pamba sasa anatia Mungu mwenyewe, bure." Ile ngoma kubwa ya Kitanzini, inayolia mpaka ng'ambo ya mto, aliiwamba mwaka huo. Hakuna aliyemkalisha na watazamaji.

Sasa kazi. Ambrosi ameniuliza moshi ulikuwa wa rangi gani na ulitokea wapi. Nimemwambia kwamba wewe hukusema hata kama kulikuwa na moshi. Akasema basi ulikuwepo. Anadhani zimeungua fyuzi na valvu mbili, mwili wa sanduku mzima. Nampa Marcelino kifurushi. Ndani kuna valvu, zimefungwa kwenye pamba, usikasirike, kioo hufungwa kwenye pamba. Kuna karatasi ya Ambrosi yenye picha. Mtafute mtu wa redio hapo Mbeya, umpe karatasi, usimfundishe.

Saumu njema. Nisalimie Sekela na Chiku. Hizo ndizo salamu, nimeziweka mwisho.

Waridi


Mwanjelwa, Mbeya
26 Aprili 1958

Dada yangu Waridi binti Ahmadi, mwenye macho na mwenye masikio,

Hii nayo ipokee umekaa. Idi imepita, tumekula, tumeshona, Chiku amevaa gauni lenye marinda akalitapikia. Sekela anasema ndaga sana kwa kifurushi, na ananiambia nikuandikie kwamba yeye ndiye aliyeikuta ile barua kwenye koti langu, akageuza ukurasa, akausoma, kisha akautazama mlango wa jiko. Maneno aliyoniambia yalikuwa ya Kinyakyusa na nilifurahi kutoyajua.

Basi nitasema, maana umeniambia nisiseme, na mimi tangu utoto nakuvunjia amri. Niliishia kwenye pamba. Niliposoma "hata asiye na masikio" nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikatoka nje kwenye mvua kama mtu mwenye shughuli. Siku ya pili yake nikalibeba sanduku mpaka Welfea, bendi nzima imesimama, nikawahutubia juu ya Burma na balbu. Nikachomeka. Dada, kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano lilikuwa gitaa bora Tanganyika. Kisha likatoa moshi wa buluu, na Asukile akalimwagia chai. Chai yangu.

Mzinga mmoja kule Burma uliniambia siri kwenye sikio la kushoto, na tangu hapo sikio lile halijataka kusikia neno la mtu mwingine. La kulia lilivumilia miaka kumi, sasa limeanza kumfuata mwenzie. Ndiyo habari yote. Nimeiandika mara moja, sitairudia.

Mtu wa redio nilimpata, anaitwa Anania, yuko karibu na soko. Nilimpa karatasi wala sikumfundisha, ila kidogo. Alipomaliza akaunganisha kisanduku kwanza, sanduku baadaye, na mimi nikasimama mlangoni na ndoo ya mchanga. Likanguruma. Sikulisikia. Nikaweka kiganja, nikalisikia.

Sasa sikia dansi ya Idi. Jumba limejaa, mabibi wananukia mpaka mwezi umepata mafua. Jailos ananiletea kiti. Nikasema sitaki kiti. Nikakaa juu ya sanduku! Mbele ya watu wote, nimevaa koti jeupe, nimekalia sauti yangu mwenyewe. Jailos akainama akasema mdomo wake ukiwa wazi kabisa, nikamfuata kila neno: "Mzee, ndiyo mtindo wa wapi huo?" Nikamwambia, "Bombay." Kisha nikamwita kando, yeye na Asukile, nikawaambia kweli. Ilinichukua maneno manane, na kila moja lilikuwa zito kuliko transfoma. Kila wimbo ulipofika mahali pangu pa kuingia Asukile aliinua fimbo yake ya kulia juu, akanitazama. Nikaingia. Ule wa tatu niliingia nimechelewa, watu wakashangilia wakadhani ni ufundi, na mimi sikuwakatalia.

Dada, uzi ulipanda kwenye uti wa mgongo. Nilipiga ule wimbo wa zamani, nilioujifunza nyuma ya pipa. Nyuzi zote sita nilizisikia. Nilitazama chini kumbe nalia, nikasema ni moshi, Asukile akaanza kutafuta chai.

Nimekwisha kata shauri juu ya vitu kuukuu, na mtu akiniuliza mkahawani namweleza bure: nunua, lakini mtume dada yako, naye amwulize mpishi, na barua yake uisome mpaka nyuma.

Mwambie Ambrosi transfoma yake ina heshima sasa, tumeishonea mfuko wa kitambaa. Mlango wa jiko tumeuzuilia kwa jiwe.

Idi ya kuchinja njoo, uje na Bibie na huyo Ahmadi mwenye masikio. Basi linakushusha karibu na soko, uliza mtu yeyote chai iko wapi. Utanikuta kwenye jiko, na kwa kawaida nakuwa nimeupa mlango mgongo, kwa sababu ya moto. Usiniite, dada. Zunguka uje mbele.

Mdogo wako,
Bushiri